Umeombwa kupiga picha za harusi ya ndugu: mwongozo kwa mpiga picha wa ridhaa

Simu huwa inaanza hivi: "Dada, si unayo ile kamera yako kubwa? Utatupigia picha siku ya harusi. Kamati imekata bajeti ya mpiga picha." Anayesema ni binamu au shemeji, mtu usiyeweza kumkatalia. Nawe una kamera na lenzi moja iliyokuja nayo dukani, na umezoea kupiga watoto wa jirani na jua likizama. Nimeipokea simu hiyo mara kadhaa hapa Dar es Salaam. Haya ninayoandika ni yale ambayo mtu angenikalisha chini na kuniambia kabla ya ile ya kwanza, ningemshukuru mpaka leo.

Kubwa kuliko yote ni kwamba harusini hakuna "hebu rudia". Pete inavishwa mara moja, mama analia mara moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika kabla ya siku yenyewe: kujua kitakachotokea, saa ngapi, na wewe utakuwa umesimama wapi kikitokea.

Hatua ya 1: Kubaliana kwa maneno yaliyo wazi

Kama hujawahi kupiga harusi hata moja, usikubali kuwa mpiga picha pekee. Washauri wamkodi mtu wa kazi hata kwa saa tatu tu, za ibada na picha za pamoja, halafu wewe ushike yaliyobaki: maandalizi saluni, msafara wa matarumbeta, ukumbini. Kamati nyingi hazilijui hilo; zinadhani ni kulipia siku nzima au kukosa kabisa.

Fedha zikikosekana kabisa na ukabaki peke yako, zungumza na maharusi wenyewe, si mwenyekiti wa kamati. Waonyeshe picha kumi ulizopiga usiku, ndani ya nyumba, watu wakitembea. Usiwaonyeshe zile za ufukweni saa kumi jioni, kwa sababu ukumbi hautafanana nazo. Wakiridhika na hizo kumi, mmeelewana. Taja pia picha utakazowapa ni ngapi na baada ya muda gani. Mimi husema picha 300, wiki tatu.

Akiwepo mpiga picha aliyelipwa, mfuate mapema, msalimie, muulize atakaa upande gani. Wewe kaa nyuma ya bega lake. Ukimziba yeye, umewapotezea maharusi fedha waliyochangiwa na watu.

Hatua ya 2: Itafute ratiba, kisha kaitazame sehemu

Mwombe MC au katibu wa kamati ratiba kamili. Kadi itasema saa 12 jioni. Maharusi wataingia saa 3 usiku. Unachohitaji ni mpangilio: wazazi wanaingia lini, keki, shampeni, ndafu (mbuzi mzima aliyechomwa) kama ni harusi ya Wachaga, kufungua muziki, zawadi. Andika kwenye karatasi inayoingia mfukoni, maana simu yako itaisha chaji au itakuwa inapigwa na shangazi anayeuliza basi la wageni liko wapi.

Uliza pia mambo ambayo hayamo kwenye ratiba. Wazazi wa bi harusi wanaishi pamoja? Kama waliachana, nani anasimama na nani? Nani ndiye aliyemlea? Nimewahi kumwita "baba mzazi" aje kwenye picha, wakasimama wanaume wawili kwa pamoja. Ukumbi mzima uliona. Swali la dakika moja kwa bi harusi lingeniepusha nalo.

Kisha nenda kanisani au ukumbini siku nyingine, saa ileile. Tazama dirisha kubwa liko wapi. Makanisa yetu mengi yana madirisha mapana ubavuni, na maharusi wakisimama kati yako na dirisha watatoka vivuli vyeusi. Hamia upande wa pili na dirisha hilohilo linakuwa taa nzuri kuliko yoyote unayoweza kununua.

Hatua ya 3: Omba ruhusa kwa wenyewe

Parokia na sharika zina taratibu zao, na hazifanani. Nenda ofisini ukaulize: mwisho wa kusogea ni wapi, flashi inaruhusiwa wakati gani, unaweza kutembea katikati au ukae ubavuni. Katika misa ya Kikatoliki, wakati wa mageuzo, padri anapoweka wakfu mkate na divai, tulia kabisa, shusha kamera. Uliza na mahali pa kusainia vyeti, kwa kuwa wakati huo watu wengi huinuka na simu zao na ukichelewa unapiga migongo.

Kwenye nikaha, mara nyingi akidi inasomwa msikitini kwa wanaume, bi harusi akiwa nyumbani au chumba kingine. Hapo picha zinazobeba siku ni mbili: mkono wa bwana harusi ukiwa mkononi mwa walii (msimamizi wa bi harusi) au shekhe anayeozesha, na baadaye bwana harusi anapoingia kwa mkewe akamwekea mkono kwenye paji la uso na kumwombea dua. Ya pili inapita upesi ndani ya chumba kilichojaa wanawake. Kama mpiga picha ni mwanamume, apange mapema ni nani ataipiga.

Shughuli za wanawake, kuanzia kicheni pati hadi kesha na singo za Pwani, ni suala zito. Mle ndani watu wamevua mabaibui, wanacheza wanavyotaka kwa kuwa wanajua hawaonekani. Kuwa mwanamke kunakuruhusu kuingia, hakukuruhusu kupiga. Muulize bi harusi na mama yake, na wakisema ndiyo, kadi ya kamera ikitoka humo inakwenda kwa bi harusi peke yake. Usiweke hata moja kwenye hali ya WhatsApp. Picha moja ikivuja, mtu anaweza kuharibiwa nyumba yake.

Hatua ya 4: Beba vichache vinavyofanya kazi

Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana) ndiyo kitu cha kwanza ningekuambia ununue au uazime. Ni nafuu kuliko karibu lenzi zote, ni nyepesi, na inaingiza mwanga maradufu kadhaa kuliko ile iliyokuja na kamera. Ongeza flashi ya juu inayogeuka kichwa, betri mbili za kamera, betri za flashi seti mbili, na kadi mbili za kumbukumbu, hata kama moja ingetosha. Kadi ikifa saa 10 mchana ukiwa na moja tu, harusi yako imeishia hapo.

Vaa viatu vya chini visivyopiga kelele. Beba maji, kitambaa, na kipande cha mkate au korosho: chakula ukumbini huja saa 4 usiku, na mara nyingi watu wa picha husahaulika.

Jambo moja la hali ya hewa yetu: ukitoka kwenye chumba cha hoteli chenye kiyoyozi ukaingia joto la nje, lenzi itajaa ukungu papo hapo, na ukifuta unarudi. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa, uitoe nje na begi lake kama dakika 20 kabla ya kuihitaji.

Hatua ya 5: Panga namba za kamera nyumbani

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi isiyobanwa na kamera, ikiwa kamera inaweza. Faili ni nzito, lakini ukikosea mwanga au rangi unaweza kuokoa mengi ambayo JPEG imeshayatupa.

Spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho lake, ndipo wengi tunapoumia. Harusi yangu ya kwanza, pete ya bi harusi ilikwama kwenye kifundo cha kidole. Bwana harusi akaisukuma taratibu, haikwenda. Bi harusi akaanza kucheka kwa pumzi, matroni akainamisha kichwa, mama wa bwana harusi kwenye benchi la mbele akachukua ncha ya kitenge chake akajifuta jasho kama anayevishwa ni yeye. Nilipiga picha tisa. Shata ilikuwa 1/40 ya sekunde, kwa sababu nilikuwa naogopa kupandisha ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Zote tisa vidole vimefifia kama vimepigwa kupitia maji.

Tangu siku hiyo kwa kawaida sishuki chini ya 1/125 kwa watu waliosimama, na 1/250 wakiwa wanatembea au kucheza. ISO ipande hadi 3200, hata 6400. Picha yenye chembechembe mtu anaitazama na kufurahi. Iliyofifia uso hana la kufanya nayo.

Pili, gauni. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kimetengenezwa kudhani kwamba kila kinachokiona ni kijivu cha wastani. Shela na gauni jeupe vikijaza fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bi harusi unazama gizani. Ukigeukia upande wa suti nyeusi, inafanya kinyume na shati linaungua. Dawa yake: pima mwanga kwenye ngozi ya uso, si kwenye nguo. Washa ile alama inayomemeteka mahali palipoungua. Ikionekana kwenye ushanga au ncha ya shela si neno, ikitanda kifuani kote punguza kidogo. Jizoeze na dada yako aliyejifunga shuka jeupe mlangoni kwa nusu saa, siku yenyewe vidole vitafanya bila kufikiri.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika saluni mapema, kabla vipodozi havijaisha. Sogeza kiti cha bi harusi karibu na dirisha na omba taa ya juu izimwe, kwani taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirisha inampaka mtu rangi mbili usoni. Piga gauni likiwa limening'inia, viatu, pete, mkono wa mama akifunga vifungo vya mgongoni. Hapa ndipo pa kupasha mkono moto, hakuna anayekukimbiza.

Kanisani, uwe umefika mahali pako kabla tukio halijaanza. Wanapoingia, simama mbele, ubavu mmoja, upate nyuso. Wakati wa viapo hamia upande ambao utamwona anayevishwa pete, kisha wanapobadilishana wewe nawe badilisha kwa kupita nyuma, kimyakimya. Kamera nyingi mpya zina shata isiyotoa sauti. Ni nzuri kwa ibada, lakini ijaribu kwanza chini ya taa za mahali hapo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo taa nyingi za bei ndogo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya kimya huonyesha mistari ya giza iliyokata picha. Ukiiona mistari, rudi kwenye shata ya kawaida na weka 1/100.

Picha za nje. Dar jua linazama takriban kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 jioni, kulingana na mwezi, kwa hiyo saa 11 uwe umeshafika na maharusi mahali pa kupigia. Wengi hutaka Coco Beach. Kumbuka kwamba ufukwe ule unatazama mashariki: jua halizami baharini pale, linazama nyuma ya miti na majengo ya Oysterbay. Ukiwapanga maharusi wakiwa na bahari mgongoni, mwanga wa jioni utawaangukia usoni vizuri, na ukichelewa kidogo watakuwa kivulini kabisa. Ukitaka jua linalogusa maji, hiyo ni picha ya Forodhani, Unguja. Harusi ikifanyika saa 8 na ukalazimika kupiga jua la utosini, tafuta mwembe au baraza la jengo. Jua la saa nane linachimba mashimo meusi machoni na hakuna programu itakayoyaziba.

Picha za pamoja ndizo zitakazochapishwa na kutundikwa sebuleni, hivyo usizifanye kwa haraka. Andika orodha na bi harusi: wazazi wa pande zote mbili, ndugu wa damu, shangazi na wajomba, wasimamizi, kwaya, wafanyakazi wenzake. Makundi 15 kwa dakika tatu kila moja ni dakika 45, waambie kamati mapema ili wasianze kukufukuza. Chagua mtu mmoja mwenye sauti anayewajua watu wote, mara nyingi ni shangazi, ampigie kelele kila kundi linalofuata wakati wewe unapiga lililopo. Hapa lile tundu la f/1.8 ni adui: mstari wa mbele utakuwa mkali, wa nyuma utayeyuka. Weka f/5.6 au f/8. Piga tano kwa kila kundi. Katika watu ishirini lazima mmoja amefumba macho. Wazee wapewe viti, na wapigwe mwanzo, waende kupumzika.

Ukumbini ndiko kugumu kuliko kote, na sababu ni mapambo. Mwanga ni kidogo, halafu una rangi: zambarau, buluu, waridi. Mbinu inayofundishwa kila mahali ni kuelekeza flashi darini ili mwanga urudi laini. Ni mbinu sahihi dari likiwa jeupe. Kumbi zetu dari limefunikwa vitambaa, na mwanga unaogonga kitambaa cha zambarau unarudi zambarau. Harusi moja nilirudi na nyuso mia mbili zenye rangi ya biringani, nikazirekebisha moja moja kwa wiki mbili. Kabla wageni hawajafika, piga picha ya kiganja chako flashi ikitazama juu. Kiganja kikibadilika rangi, geuza kichwa cha flashi kielekee ukuta mweupe au bango la nyuma yako, au funga kadi nyeupe ya karatasi nyuma ya kichwa cha flashi ili sehemu ya mwanga iende mbele. Shusha shata hadi 1/60 hivi kwa waliokaa meza kuu, ili taa za mapambo zionekane nyuma yao, flashi itawagandisha.

Mwombe dijei asielekeze leza upande wako. Leza ikiingia moja kwa moja kwenye lenzi inaweza kuunguza kihisi cha kamera, na hilo halitengenezeki isipokuwa kwa kubadilisha kihisi chote.

Matukio ya ukumbini yana tabia zake. Shampeni: simama ubavuni, anza kupiga kabla kizibo hakijaruka, kwa maana MC akifika "tatu" imeshapita. Keki: picha si kisu, ni pale wanapopiga magoti kuwalisha wazazi, kwa hiyo uwe nyuma ya bega la mharusi ukimtazama mzazi. Ndafu anapoingia amebebwa, watu wote wanainuka, panda kiti. Zawadi ni foleni ndefu ya watu wanaocheza na vitenge, masufuria na bahasha, na ndipo wapiga picha wengi hukaa kupumzika. Mimi nakuomba usikae. Kundi la akina mama wa kikoba waliovaa sare, wakiingia na vigelegele na godoro kichwani, limechanga miezi sita kwa ajili ya dakika hizo mbili. Wapige wote, na nyuso zao zionekane.

Hatua ya 7: Kabla ya kulala

Hata ikiwa saa 8 usiku na miguu inawaka moto, nakili kadi zote kwenye kompyuta, kisha kwenye diski ya nje. Fungua picha chache za mwanzo, katikati na mwisho uone kama zimefunguka. Kadi zenyewe usizifute hadi maharusi wawe wamepokea kazi yao. Diski na kompyuta visilale begi moja: mwizi wa begi hachambui.

Hatua ya 8: Kuchagua na kukabidhi

Utarudi na picha elfu moja na zaidi. Usiwape zote. Toa zilizofifia, za macho yaliyofumbwa, za mtu akitafuna. Kesho yake asubuhi watumie kumi nzuri, kwa sababu familia yote inasubiri na wakizipata hizo watakuacha ufanye kazi kwa utulivu.

Kwenye kusafisha, sawazisha mwanga na rangi, basi. Usimweupeshe mtu. Programu nyingi zina kitufe cha kulainisha na kung'arisha ngozi, na wengine watakuomba ukitumie. Mimi nakataa kwa upole, namwonyesha picha yake iliyopigwa dirishani saluni, ngozi yake ikiwa na rangi yake. Hadi leo hakuna aliyerudi kuniomba tena.

WhatsApp inazibana picha na kuzipunguzia ubora, kwa hiyo tuma kwa Google Drive au kwenye flashi ya kompyuta (USB), na kama lazima iwe WhatsApp, zitume kama hati. Usiweke za harusi kwenye kurasa zako kabla maharusi hawajasema ndiyo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu si kitu cha kuchezea, na hata kabla ya sheria ilikuwa ni heshima.

Halafu chapisha mbili kwa fedha yako, moja ya kila upande, wazazi wakiwa na maharusi, ukubwa wa kuingia kwenye fremu. Mama wa bi harusi hafungui Google Drive. Mpelekee mwenyewe, mkononi, na ukae naye kidogo akuonyeshe kwa kidole nani ni nani.